Anayeuza nyumba Ngamiani asianze na kopo la rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala ya hivi karibuni iliyowashauri watu wanaotaka kuuza nyumba zao wapake rangi mpya, waweke dari la jipsamu, wabadilishe taa za sebuleni na wapange vyungu vya maua mlangoni, kwa hoja kwamba mnunuzi huamua kwa macho katika dakika chache za mwanzo. Sibishi kwamba macho hutangulia. Ninachokibishia ni mpangilio wa kazi, kwa sababu mimi na ndugu zangu tuliufuata mpangilio huohuo tulipouza nyumba ya wazazi wetu hapa Ngamiani, Tanga, ukatugharimu fedha, mwaka mmoja na nusu na, kwa miezi kadhaa, hata salamu baina yetu.

Nyumba yenyewe wasomaji wa mwambao wanaijua bila kuchorewa: baraza mbele, mlango wa mbao wa mabawa mawili, ukumbi uliokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kila upande, kisha uani penye jiko, bafu na choo. Baba alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Aliianza kwa miti na udongo, na kila alipopata akiba alibomoa ukuta mmoja na kuinua wa matofali ya saruji mahali pake, hivyo kwamba hakuna pembe mbili za nyumba ile zilizojengwa mwaka mmoja. Alipofariki, mama aliendelea kukaa humo pamoja na wapangaji wanne, mpaka naye alipotangulia mbele ya haki. Tukabaki watoto saba: watatu Tanga, wawili Dar es Salaam, mmoja Mombasa na mmoja Muscat. Hakuna aliyekuwa tayari kurudi kulala katika chumba cha mama, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuwalipa wengine mafungu yao. Tukakubaliana kuuza.

Tulichanga shilingi milioni 3 na laki 4, na karibu zote ziliishia kwenye vitu vya kuonekana. Ukumbi na vyumba viwili vya mbele vikapata jipsamu yenye mataa ya rangirangi. Kuta zote zikapigwa rangi ya mafuta yenye weupe wa maziwa, kwa sababu mdogo wangu wa Dar es Salaam alisema rangi ya mafuta hung'aa kwenye picha za simu. Baraza likawekewa vigae. Kazi ilimalizika mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na nyumba ikiwa kavu kama biskuti, na nakiri kwamba niliposimama barabarani nikaitazama nilijiona nimeifanyia haki.

Mnunuzi wa kwanza wa maana alikuwa muuguzi kijana aliyefuatana na mjomba wake, fundi mwashi aliyekwisha kustaafu, mkazi wa Pongwe. Binti alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia marahaba na kuwakaribisha ndani, nikiwa tayari na maelezo yangu kuhusu taa. Mjomba hakuyahitaji. Alivua viatu mlangoni, akapita ukumbini bila kuinua macho kulitazama dari, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha mwisho cha kushoto, kile kinachopakana na bafu. Hapo alichuchumaa, akatoa ufunguo mfukoni na kuanza kugonga ukuta kutoka usawa wa kifundo cha mguu kwenda juu. Chini sauti ilikuwa tupu, kama ya ngoma iliyolegea ngozi. Ilipofika kiunoni ikawa kavu na ngumu. Akabonyeza kwa kidole gumba mahali palipotuna kidogo, rangi yetu mpya ikapasuka kama lengelenge, na unga mweupe ukamwagika juu ya sakafu. Akauonja.

"Mwalimu," akaniambia kwa upole, "ukuta wako unatoa chumvi. Rangi hii ina muda gani?"

Nikamjibu kwamba ilikuwa na wiki 3.

"Mngeniachia niuone ukuta wenyewe, ningewapa bei ya ukuta. Sasa itabidi nihesabu na nisivyoviona."

Sikupata jibu. Kabla sijapumua, binti akaniuliza swali lake moja tu, nalo lilikuwa zito kuliko ukuta: hati ilikuwa na jina la nani? Hati ilikuwa na jina la baba, aliyezikwa miaka mingi kabla, na hakuna mtu aliyewahi kwenda mahakamani kufungua mirathi yake. Walituaga kwa adabu zote, na hawakurudi kuinunua.

Nianze na ukuta, kwa sababu naamini nyumba nyingi za mji wetu zina ugonjwa huohuo na wenyewe wanauita uchakavu tu. Ukuta ule ulijengwa kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa chumvi, na msingi wake haukuwekewa tabaka lolote la kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuiacha chumvi, na chumvi inapoganda hutanuka ikaisukuma lipu mpaka ibanduke. Anayeufunika ukuta wa namna hiyo kwa rangi ya mafuta hauponyi bali anauziba pumzi, kwani maji hayakomi kupanda, na yakikosa pa kutokea chini yatapanda juu zaidi na kutokeza mahali palipokuwa pazima. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Masika ya mwaka ule yalipoanza mwezi wa Machi, alama ya unyevu iliyokuwa magotini ilipanda hadi karibu na dirisha, na rangi ya maziwa ikaning'inia vipande vipande kama ganda la kitunguu. Wahenga walituambia tuzibe ufa. Sisi tuliupaka rangi.

Nilimfuata yule mzee Pongwe, si kumsihi anunue bali kumwomba aje kutibu, naye akakubali. Jambo la kwanza alilofanya halikuwa ndani ya chumba. Alitoka uani na kunionyesha kwamba kwa miaka mingi ya kufagia, kumwaga majivu na kuleta vifusi, ardhi ya uani ilikuwa imeinuka ikapita usawa wa sakafu ya ndani, kwa hiyo kila mvua ilipokunya maji yaliegemea ukuta kabla ya kutafuta njia. Vibarua wawili walichimba na kuishusha, wakatengeneza mtaro mdogo wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Bomba la maji machafu ya bafu lililokuwa likivuja nyuma ya ukuta ule ule likabadilishwa. Baadaye ndipo lipu ilipobanduliwa yote, hadi kiasi cha mkono mmoja juu ya alama ya unyevu, na tofali likapigwa brashi kavu, kwa kuwa kuliosha kwa maji ni kuirudisha chumvi ndani. Ukuta ukaachwa uchi muda wote wa kiangazi. Mwishowe ukapigwa lipu ya chokaa na mchanga wa mtoni, na juu yake chokaa ya kawaida, inayouacha ukuta upumue. Tanga haina uhaba wa chokaa, na mawe yake ndiyo hayohayo yaliyotobolewa na maji yakawa mapango ya Amboni. Sijui ni lini tulianza kuiona kuwa kitu cha maskini. Kazi nzima ya uani na ukuta ilitugharimu chini ya nusu ya tulichotumia kwenye jipsamu na mataa.

Jipsamu yenyewe ilitutia hasara ya pili. Mnunuzi mwingine alitaka kuziona kenchi ili ajue kama mchwa amezigusa, na kwa kuwa tulikuwa tumefunika kila kitu, fundi alilazimika kukata tundu katika dari ambalo halijamaliza hata miezi 6. Mbao zilikuwa nzima, alhamdulillahi, ila kwenye mabati tulikuta kutu iliyoanzia kwenye matundu ya misumari, kama ilivyo kawaida ya nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari. Ipo njia isiyogharimu senti ya kulijua paa: ingia mchana chini ya mabati, kabla ya dari kufungwa, zima taa, funga madirisha na utazame juu. Kila nyota utakayoiona ni mahali maji yatakapopita. Tungefanya hivyo kwanza, tungebadilisha misumari na bati chache kwa fedha ya siku mbili za kazi.

Sasa makaratasi, ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike, kwa sababu makala niliyoitaja haikuyagusa hata kwa sentensi moja.

Nyumba isiyo na karatasi safi haijawa tayari kuuzwa, hata kama imepakwa dhahabu. Kwetu kulikuwa na mirathi mbili, si moja: ya baba, ambamo mama alikuwa na thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na sisi watoto mafungu yetu, mwanamume fungu mara mbili ya mwanamke, na ya mama, ambayo thumni ile iliingia ndani yake. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo ina uwezo wa kushughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, tukiwa na vyeti vya vifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, na kaka yetu mkubwa akateuliwa kuwa msimamizi wa zote mbili. Nawasihi wasomaji waelewe kwamba kuteuliwa si kumiliki. Msimamizi anatakiwa ndani ya miezi 4 kuipelekea mahakama orodha ya mali na madeni ya marehemu katika Fomu Namba 5, na baadaye hesabu ya mirathi katika Fomu Namba 6. Kaka alidhani barua ya uteuzi inamtosha kupokea fedha za mnunuzi, na hapo ndipo salamu zilipokatika, kwa sababu dada yetu wa Mombasa alisikia kwa watu kwamba nyumba imekwisha kupata bei. Haikuwa kweli. Lakini kama tungeanza na kikao na mahakama badala ya kuanza na mchango wa rangi, uvumi ule usingepata pa kukaa.

Baada ya mahakama ilitubidi kwenda ofisi ya ardhi kumsajili msimamizi mahali pa jina la marehemu, ndipo tukagundua jambo ambalo hata mama hakulijua, kwamba hati ya baba ilikuwa ya miaka 33 na muda wake ulikuwa umekwisha. Wasomaji wengi wanaamini kwamba hati ikishatoka ni ya milele. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na chini ya Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, mtu hupewa haki ya kuimiliki kwa muda maalumu usiozidi miaka 99. Tukaomba hati ihuishwe, na katika kuomba tukakutana na malimbikizo ya pango la ardhi la miaka mingi. Hili nalo linawachanganya watu, kwa kuwa kodi ya majengo tunakatwa kila mwezi tunaponunua umeme wa LUKU, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na kwa kukatwa huko tunajiona tumemalizana na serikali. Kodi ya majengo ni ya jengo. Pango ni la ardhi, linalipwa peke yake kwa mwaka, na likiwa na deni uhamisho wa milki haupiti. Mpangaji wetu mmoja alikuwa akijigamba kwamba yeye ndiye mlipa kodi wa nyumba nzima kwa sababu mita ilikuwa chumbani kwake, na sikuona sababu ya kumkatisha tamaa.

Uhamisho wenyewe unapitia Fomu Namba 29 ya kutoa taarifa, Namba 30 ya kuomba kibali, na Namba 35 ya kuhamisha milki, pamoja na mkataba wa mauzo ulioandikwa na wakili na taarifa ya mthamini aliyesajiliwa. Ushuru wa stempu hukaribia asilimia 1 ya thamani. Muuzaji mkazi wa nchini anayeweza kuthibitisha gharama zake hutozwa asilimia 10 ya faida, na nasisitiza neno faida, kwa kuwa wengi huogopa wakidhani ni asilimia 10 ya bei yote, wakaishia kuandika bei ya uongo kwenye mkataba, jambo linalomfunga mnunuzi siku naye atakapotaka kuuza. Yupo pia anayesamehewa: mtu anayeuza makazi yake mwenyewe aliyoyamiliki kwa miaka 3 au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi, ikiwa faida yake haizidi shilingi milioni 15. Sisi warithi hatukuwa na kinga hiyo, ila tulikuwa na kitu kingine ambacho nusura tukichome moto wenyewe.

Siku ya kusafisha chumba cha mama tulitoa uani kila tulichokiita takataka na kuwasha moto. Kasha la kwanza lilikuwa la makaratasi, likateketea. Kasha la pili, shemeji yangu alilifunua kwa ajili ya kanga zilizokuwa juu, na chini ya kanga akakuta kopo la biskuti lililojaa risiti: za mabati, za saruji, za mbao za kenchi, za fundi wa umeme, kila moja imekunjwa mara nne na nyuma yake mama ameandika kwa penseli chumba kilichohusika. Faida huhesabiwa baada ya kuondoa gharama zinazothibitika, kwa hiyo kila risiti iliyokubaliwa ilitupunguzia tozo. Kilichokuwa katika kasha la kwanza hatutakijua. Makala ilishauri kwamba kabla ya kuuza nyumba uondoe makorokoro yote. Naongeza kwamba makorokoro ya wazee yasomwe kwanza, tena na mtu mwenye miwani.

Kwa wanandoa kuna kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachomzuia mume au mke kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ridhaa hiyo iandikwe kabla dalali hajaitwa. Kuitafuta wakati mnunuzi amekaa barazani na wakili wake ni kujitakia fedheha.

Juu ya mipaka nitasimulia kifupi. Mpima alipokuja alitafuta bikoni nne, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na akazipata tatu. Ya nne ilikuwa chini ya banda la kuku, na banda hilo, pamoja na nusu ya jiko, lilikuwa limeingia katika kichochoro cha watu wote kwa hatua moja na nusu. Mama alilijenga kwa nia njema, na jirani alinyamaza kwa heshima ya mama. Tulilibomoa. Nilikwenda mwenyewe kwa jirani kumwomba radhi na, kwa kufuata ada, kumpa habari kwamba tunauza kabla hatujamtangazia mtu wa mbali. Najua kwamba kwa fiqhi ya Kishafi haki ya shufaa, yaani ya kutangulizwa katika kununua, ni ya mshirika katika milki na si ya jirani wa ukuta, lakini katika mitaa yetu jirani anayesikia habari ya nyumba kwa dalali hujiona ametukanwa, na jirani aliyekasirika ana maneno mengi ya kumwambia mnunuzi anayepita kuulizia.

Wapangaji wataarifiwe mapema na kwa maandishi, na kodi waliyolipa mbele irudishwe au ihesabiwe. Sisi tulifanya hivyo, na hapakuwa na ugomvi.

Madalali ni mlango mwingine. Tulimwambia dalali mmoja kwa mdomo, naye akawaambia wengine, na kila mmoja akaweka cha juu chake, hata nyumba moja ikawa inanadiwa mjini kwa bei nne tofauti kwa wakati mmoja. Mnunuzi aliyesikia bei mbili alihisi utapeli ambao haukuwa wetu. Tulipoamka tuliandikiana mkataba na dalali mmoja tu, tukiainisha malipo yake na kwamba bei atakayoitaja ni ile tuliyoiandika. Na mtu mmoja wa mtaani, ambaye sitamtaja, alitudai asilimia 10 ya mauzo kwa kugonga muhuri. Katika fomu zote nilizozitaja sikuona mahali pa kuijaza asilimia hiyo, na tulipomwomba atuandikie stakabadhi alikumbuka kwamba ana kikao.

Itakuwa kosa nikieleweka kwamba nachukia rangi. Mwishoni kabisa, hati ikiwa na jina la msimamizi, pango limelipwa, ukuta umekauka na kichochoro kimerudishwa kwa wenyewe, tulichanganya chokaa na kupaka nyumba nzima mkono mmoja kwa siku mbili. Tuliziacha nyufa ndogo mbili juu ya lenta ya chumba cha pili zionekane, kwa sababu fundi alizitazama masika nzima na kuthibitisha kwamba hazikuongezeka. Kisha nikafanya jambo lililowachekesha ndugu zangu: nilichukua daftari la shule na kuandika, chumba kwa chumba, kila kasoro ninayoijua, mwaka tulioigundua na tulichoifanyia. Shimo la choo lilinyonywa lini. Bati zipi ni mpya na zipi ni za zamani. Bomba la maji linapita wapi chini ya ukumbi.

Tulitangaza mwezi wa Aprili, katikati ya mvua, na mdogo wangu wa Dar es Salaam aliniona nimerukwa na akili. Aliyenunua ni mfanyabiashara wa mboga kutoka Lushoto, mtu wa maneno machache, aliyekuja siku ambayo mvua ilikuwa imekunya tangu alfajiri. Alisimama katika chumba cha mwisho cha kushoto, akaweka kiganja kwenye ukuta, akakitazama. Kilikuwa kikavu na cheupe kwa chokaa. Akaomba kuliona daftari, akalisoma barazani kwa karibu saa nzima, kisha akampigia simu wakili wake afanye upekuzi wa hati ofisi ya ardhi. Alipunguza bei, naam, kwa ajili ya mabati ya zamani, nasi hatukubishana kwa kuwa idadi yake tulikuwa tumeiandika wenyewe. Kuanzia siku ile hadi kusaini mkataba zilipita wiki 2, na warithi wote saba walisikia bei ileile siku ileile.

Ombi langu kwako, ndugu mhariri, ni kwamba mwandishi wako atakaporudi kwenye mada hii aanze safari yake uani na amalizie barazani, na kwamba akiwa na nafasi ya mistari michache tu, aitumie kutaja fomu zile tatu za ardhi na zile mbili za mahakama, ili mtu anayepanga kuchangisha ndugu zake mwezi ujao ajue fedha ya kwanza aipeleke wapi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Ngamiani Kati, Tanga.